Kitenzi cha Kiingereza "outnumber": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wanafunzi wa Kiingereza, watafsiri na waandishi wa ripoti huniuliza kila tunapofika kwenye kitenzi "outnumber". Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo makosa ni mengi, na kwa ufupi pale ambapo jambo lenyewe halina mzozo. Nia yangu ni kumwonyesha msomaji kwamba mtu anayesema Kiswahili tayari anao muundo wa kitenzi hiki kinywani mwake, na kwamba makosa mengi hutokea anapouacha muundo huo na kushika mwingine.

"Outnumber" maana yake nini hasa?

Maana yake ni kuwa wengi kuliko wengine, au kuzidi kwa idadi. Kitenzi kimeundwa kwa sehemu mbili: "out", ambayo hapa ina maana ya kupita au kuzidi, na "number", yaani idadi. Ukiandika "Goats outnumber sheep in this village", umesema kwamba katika kijiji hiki mbuzi ni wengi kuliko kondoo. Hujasema kwamba mbuzi ni wakubwa zaidi, wala kwamba wana thamani zaidi, wala kwamba wamewashinda kondoo kwa lolote. Umehesabu makundi mawili, ukaona lipi lina vichwa vingi, basi.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa New Zealand, nchi ambayo kondoo wamewazidi watu kwa muda mrefu sana. Mwaka 1982 kondoo wa huko walipita milioni 70 ilhali watu walikuwa takriban milioni 3.2, yaani kondoo 22 hivi kwa kila mtu mmoja. Tangu hapo kondoo wamepungua na watu wameongezeka, lakini hata leo mtu anaweza kuandika bila kukosea: "In New Zealand, sheep still outnumber people."

Kwa nini mwalimu alikata neno "than" katika sentensi yangu?

Kwa sababu kitenzi hiki tayari kimebeba ulinganisho ndani yake. Daftari moja nililolisahihisha lilikuwa na sentensi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa: "The girls in our class are outnumber than the boys." Makosa yake ni mawili, na yote yanatoka mahali pamoja. Mwanafunzi alikuwa na sentensi ya Kiswahili kichwani, "wasichana ni wengi kuliko wavulana", akaligeuza neno baada ya neno: "ni" ikawa "are", "wengi" ikawa "outnumber", na "kuliko" ikawa "than". Amekitumia kitenzi kana kwamba ni kivumishi.

Sasa tazama tukianza na sentensi nyingine ya Kiswahili, iliyo ya kawaida vilevile: "Wasichana wamewazidi wavulana." Hapa hakuna "ni", wala hakuna "kuliko". Kuna kiima, kitenzi na yambwa, na ndivyo Kiingereza kinavyotaka: "Girls outnumber boys." Kiswahili kimezoea kulinganisha kwa vitenzi, tunasema kuzidi, kupita, kushinda, na tunavifuatisha moja kwa moja na kile kinacholinganishwa. Kwa hiyo ushauri ninaoutoa darasani ni kwamba, kabla hujaandika "outnumber", ibadilishe kwanza sentensi yako ya Kiswahili iwe ya "kuzidi". Ukishafanya hivyo, neno "than" halitapata pa kuingilia. Likibaki moyoni na hutaki kuliacha, basi acha kitenzi badala yake na uandike "There are more girls than boys", ambayo nayo ni Kiingereza safi.

Je, ni sahihi kuandika "The number of girls outnumbers the number of boys"?

Hapana, ingawa utaikuta sentensi hii hata katika ripoti za watu waliosoma sana, wakiwemo wenye Kiingereza kama lugha yao ya kwanza. Tatizo lake ni la mantiki. Kinachowazidi wavulana kwa idadi ni wasichana wenyewe. Idadi ni namba tu. Namba 26 haiwezi kuwa "wengi" kuliko namba 19, inaweza tu kuwa kubwa kuliko hiyo. Neno la kutumia kwa namba ni "exceed": "The number of girls exceeds the number of boys." Neno la kutumia kwa wasichana wenyewe ni "outnumber": "Girls outnumber boys."

Ukiiweka sentensi ile katika Kiswahili, kasoro yake inasikika mara moja: "Idadi ya wasichana inaizidi kwa idadi idadi ya wavulana." Hakuna mhariri atakayeipitisha. Mimi hulikazia kosa hili kuliko mengine kwa sababu halimzuii msomaji kuelewa, na kosa lisilozuia kuelewa ndilo linalodumu kwa miaka, likinakiliwa kutoka ripoti ya mwaka huu kwenda ya mwaka ujao.

Ni vitu gani vinavyoweza kuwa kiima au yambwa ya kitenzi hiki?

Vitu vinavyohesabika, na kwa kawaida viwe katika wingi: watu, ng'ombe, viti, magari, shule, makosa. Siku ambayo daladala haiendi level siti, unaweza kuandika "The passengers outnumbered the seats", kwa maana abiria wanahesabika na viti vinahesabika. Haidhuru kwamba upande mmoja una uhai na mwingine hauna. Huwezi, hata hivyo, kuandika "The sugar outnumbers the flour", kwa kuwa sukari na unga havihesabiki moja, mbili, tatu. Sema "There is more sugar than flour". Ukitaka kukitumia kitenzi hiki kwa nguvu, hesabu vifungashio: "The bags of sugar outnumber the bags of flour."

Nomino zinazotaja kundi la watu zinakubalika, kama vile "police", ambayo katika Kiingereza huchukuliwa kuwa ya wingi: "The police outnumbered the protesters."

Kuna tofauti gani kati ya "outnumber", "exceed" na "outweigh"?

Kiswahili kinazitumikia zote tatu kwa neno moja, "kuzidi", na hapo ndipo watafsiri wanapojikwaa. "Exceed" ni kupita kiwango, kikomo au kiasi: mwendo kasi uliozidi kilomita 50 kwa saa, matumizi yaliyozidi bajeti, uzito uliozidi unaoruhusiwa katika ndege. Kinachofuata baada yake mara nyingi ni kipimo au mpaka. "Outweigh" ni kuzidi kwa uzito wa hoja au umuhimu. Katika IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, watahiniwa huulizwa mara nyingi kama faida za jambo fulani zinazidi hasara zake, na kitenzi kinachotumika katika swali ni "outweigh", kwa kuwa linalotakiwa ni kupima.

Mtahiniwa anayejibu kwa "outnumber" amejibu swali jingine. Faida tano ndogo huizidi kwa idadi hasara moja, lakini hasara hiyo moja, ikiwa ni kupoteza maisha, inazizidi zote kwa uzito. Sentensi inayoonyesha tofauti hii vizuri ni hii: "The benefits outnumber the risks, but they do not outweigh them."

Je, kila ninapokutana na "kuzidiwa" nitumie "outnumbered"?

La, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu. "Kuzidiwa" ni neno pana. Tukisema mgonjwa amezidiwa, tunamaanisha hali yake imekuwa mbaya. Tukisema fundi amezidiwa na kazi, tunamaanisha kazi ni nyingi kuliko uwezo wake. Wala "outnumbered" haifai kwa hali yoyote kati ya hizo.

Niliwahi kuona tangazo la lugha mbili ukutani mwa zahanati moja. Kwa Kiswahili lilisema zahanati imezidiwa na wagonjwa na kwamba wananchi wawe na subira. Kwa Kiingereza liliandikwa "The dispensary is outnumbered by patients". Zahanati ni moja. Bila shaka wagonjwa wanaizidi kwa idadi kila siku ya Mungu, hata siku wanapokuwa wawili tu. Kilichokusudiwa ni "overwhelmed", yaani kuelemewa. Kama mwandishi angetaka kweli kulinganisha idadi, angewataja wahudumu: "The patients far outnumber the staff." Nilisimama pale na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri namba yake, akaniuliza kama wameandika vizuri, nikamjibu kwamba Kiswahili chao hakina tatizo.

Hatari nyingine ni kwamba kuzidiwa katika Kiswahili kunanuka kushindwa, hasa panapozungumzwa vita au mchezo. "Outnumber" haina harufu hiyo. Ushahidi wa wazi tunao hapa kwetu pwani. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza, lililokuwa na askari takriban 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka Tanga kupigana na askari takriban 1,000 waliokuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Waingereza walikuwa mara nane ya wapinzani wao, na bado walishindwa wakarudi melini; nyuki waliovurugwa na mapigano nao wakashambulia pande zote mbili, na ndiyo maana vita hiyo inakumbukwa pia kwa jina la nyuki. Kwa Kiingereza utaandika: "The attackers outnumbered the defenders by about eight to one, yet they lost." Kwa Kiswahili, ukiandika tu "Waingereza waliwazidi Wajerumani", msomaji atadhani Waingereza ndio walioshinda. Andika "waliwazidi kwa idadi", au "walikuwa mara nane ya Wajerumani", na historia itabaki kama ilivyokuwa.

Ninataka kutaja ni kwa kiasi gani kundi moja limezidi jingine. Nifanyeje?

Tumia "by". Neno letu "kwa" huwavuta wengi waandike "with", lakini "with" si sahihi hapa. Baada ya "by" unaweza kuweka tofauti, yaani jibu la kutoa, au uwiano.

Kwa tofauti, chukua uchaguzi wa wabunge wa Rwanda wa mwaka 2013, ambapo wanawake walipata viti 51 kati ya 80 vya baraza la wawakilishi. Wanaume walibaki 29, kwa hiyo "women outnumbered men by 22". Au chukua sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, wanawake wakiwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Unaweza kuandika "women outnumbered men by more than 1.6 million". Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 wanawake walikuwa 24,014,716 na wanaume 23,548,056, na tofauti yao ni 466,660. Anayetumia takwimu za Kenya akumbuke kwamba sensa ile ilihesabu pia huntha 1,524 katika jumla ya watu 47,564,296. Mtu akiipata idadi ya wanaume kwa kutoa wanawake kutoka kwenye jumla, atakuwa amewaingiza wanaume ambao hawapo na kuwafuta watu waliojitokeza kuhesabiwa walivyo.

Kwa uwiano, andika "by two to one", au uiache "by" na uandike tu "two to one". Zote mbili zinakubalika: "Girls outnumber boys two to one." Maana yake ni kwamba kwa kila mvulana mmoja wapo wasichana wawili. Usiandike "Girls outnumber boys twice". Sentensi hiyo itasomeka kama kwamba wasichana wamewahi kuwazidi wavulana mara mbili, yaani katika nyakati mbili tofauti. Ninaupenda uwiano huu wa Kiingereza kwa sababu hauachi shaka, tofauti na usemi wetu wa "mara tatu zaidi", ambao msomaji mmoja huuelewa kuwa ni mara tatu, na mwingine kuwa ni mara nne kwa kuwa ameongeza tatu juu ya ile moja ya awali.

Je, kitenzi hiki kina kauli ya kutendwa?

Kinayo, na inatumika sana: "Boys are outnumbered by girls." Kauli hii inafaa pale ambapo habari yako inawahusu walio wachache. Ukiandika kuhusu Falme za Kiarabu, ambako wageni wanaofanya kazi, wakiwemo watu wengi kutoka Afrika Mashariki, ni wengi mno kuliko raia, unaweza kuanza na wageni au na raia kulingana na nani unayemsimulia. "Citizens are heavily outnumbered by foreign residents" inamweka raia mbele. Uwiano unaingia vizuri katika kauli hii pia, kwa mfano "outnumbered three to one".

Kosa la kawaida ni kusahau herufi mbili za mwisho na kuandika "are outnumber by". Mkono ukizoea kuandika "-ed" kila unapoona "are" au "were" mbele ya kitenzi hiki, kosa hilo litakoma.

Ni vielezi gani vinavyoambatana nacho?

"Far", "vastly" na "greatly" hutangulia kitenzi pale tofauti inapokuwa kubwa: "Motorcycles now far outnumber cars on this road." Kwa kauli ya kutendwa hupendwa zaidi "heavily" na "vastly". Kwa tofauti ndogo tumia "slightly", kama katika zile takwimu za sensa, kwani asilimia 51 kwa 49 si tofauti ya kuitia "far", hata kama milioni 1.6 inaonekana kubwa ikisimama peke yake. "Very" haitangulii kitenzi hiki kamwe.

Ninaweza kusema "are outnumbering"?

Mara chache. Kitenzi hiki kinaeleza hali, hivyo njeo ya kawaida inatosha: "outnumber" kwa sasa, "outnumbered" kwa wakati uliopita, "have outnumbered" kwa hali iliyoanza zamani na bado ipo. Umbo la "-ing" hufaa zaidi katika kirai kinachofuata sentensi: "Fifty-one women were elected, outnumbering the men for the second time in a row." Herufi "r" hairudufishwi katika "outnumbered" wala "outnumbering".

Linatamkwaje?

Mkazo upo kwenye silabi ya katikati: aut-NAM-ba. Msemaji wa Kiswahili hapati taabu, maana hata sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Herufi "b" itamkwe.

Nikitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, niandike nini?

Uchaguzi wa kwanza ni "kuzidi kwa idadi", na kwa viumbe hai usisahau kiambishi cha yambwa: "wanawazidi", "waliwazidi", "wamewazidi". Uchaguzi wa pili ni "kuwa wengi kuliko", ambao mara nyingi husomeka kwa wepesi zaidi, hasa katika habari za magazeti. Huko Kenya utasikia pia "wengi kushinda", na hauna kosa katika mazungumzo.

Maneno "kwa idadi" yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana, nami huyatetea kila mhariri anapotaka kuyafuta ili kupunguza maneno. Fikiria kichwa cha habari kinachosema "Wasichana wawazidi wavulana kidato cha nne". Msomaji atajuaje kama wasichana wamefanya mtihani wakiwa wengi zaidi, au wamepata alama nzuri zaidi? Ukirudisha kichwa hicho katika Kiingereza, maana ya kwanza ni "outnumber" na ya pili ni "outperform", nazo ni habari mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Shule inaweza kuwa na wasichana wachache wanaoongoza, au wasichana wengi wanaofeli. Kwa hiyo andika "wawazidi kwa idadi" au "wawazidi kwa alama", na nafasi ya maneno mawili itakuwa imetumika vizuri.

Uwiano nao usiutafsiri kwa "wawili kwa mmoja" pekee, maana usemi huo ukisimama wenyewe unasikika kama matokeo ya mpira. Andika "kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi sitini", au "mara sitini ya walimu".

Je, mtu mmoja peke yake anaweza kuwa "outnumbered"?

Anaweza. Hapa Kiingereza kinalegeza masharti ya wingi niliyoyataja juu, kwa sababu mtu huyo anahesabiwa kama upande wa mtu mmoja. Mama mwenye mume na watoto wa kiume watatu, akitaka kuangalia tamthilia yake na wao wanataka mpira, husema "I'm outnumbered", bila kutaja na nani, maana kila aliyepo sebuleni anaona. Kwa Kiswahili hatungesema nimezidiwa idadi. Mama huyo angesema "Niko peke yangu humu ndani", na mtafsiri mzuri ataandika hivyo hivyo.